Safari za Watazamao Nyota, na Utajiri wa Giza la Ukata

Wako watu wengi, hasa katika Ulaya na Marekani, ambao huweka akiba ya fedha miaka kadha wa kadha, si kwa kununua shamba wala kuezeka nyumba, bali kwa kusafiri hata mahali penye giza. Watu hao si wataalamu wenye vyeti. Wengine ni waalimu, wengine makarani, wengine maseremala. Mchana hufanya kazi zao, na usiku hutazama nyota kwa kuzipenda tu. Lakini katika miji yao taa za barabara na za maduka zimeifanya mbingu kuwa nyeupe usiku kucha, hata mtoto aliyezaliwa humo aweza kukua pasipo kuona nyota ila chache. Ndiyo sababu huvuka bahari.

Huenda wapi? Wengine huenda Chile, katika jangwa la Atacama, ambako mvua ni haba mno na darubini kubwa zimejengwa juu ya milima. Wengine huenda Namibia, ambako mwaka 2012 hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kuwa mahali pa kulinda giza la usiku. Wengine hufika Sutherland, Afrika Kusini, kuona jengo la darubini iliyofunguliwa mwaka 2005; kioo chake kina upana wa meta 11 hivi, nacho kimeungwa kwa vipande 91. Wakirudi kwao husimulia safari hiyo maisha yao yote.

Basi, wasomaji wetu, tukiyapima mambo wanayoyatafuta watu hao, twaona ni manne: giza, hewa kavu, mahali pa juu, na mbingu ya kusini. Katika Kiswahili neno ukata maana yake ni kukosa fedha, na wageni hutucheka kwa jina la nchi yetu. Lakini kwa mambo hayo manne sisi hatuna ukata hata kidogo.

Tuanze na mbingu ya kusini. Nchi yetu ya Mbinga na pwani ya Nyasa iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo ile Nyota ya Kaskazini, iliyowaongoza mabaharia wa Ulaya, sisi hatuioni. Imefichwa chini ya upeo. Badala yake tunao Msalaba wa Kusini. Mwezi wa Juni, yapata saa 2 usiku, tazameni kusini: mtauona umesimama wima, nyota nne zenye kung'aa, na kushoto kwake nyota mbili kubwa zinazouelekea. Upimeni urefu wa mti mrefu wa Msalaba, toka nyota ya juu hata ya chini, mkashuke tena kipimo hicho mara nne na nusu. Hapo ndipo mhimili wa mbingu ya kusini, ambapo nyota zote za upande huo huzunguka. Nao uko juu ya upeo wetu kadiri ya ngumi moja ya mtu aliyenyosha mkono. Mwenye kujua hivyo hapotei usiku, awe njiani au ndani ya mtumbwi.

Katika zile nyota mbili, iliyo mbali zaidi na Msalaba huitwa Alfa Sentauri. Ni jirani yetu wa karibu kabisa miongoni mwa nyota tuzionazo kwa macho, mbali na jua, na hata hivyo nuru yake hutumia zaidi ya miaka minne njiani. Nuru itokayo huko leo, mtoto aliye darasa la kwanza ataipokea akiwa darasa la tano. Huko Uingereza nyota hiyo haionekani kamwe.

Tena yako mawingu mawili madogo meupe, yaitwayo Mawingu ya Magellan kwa jina la baharia Mreno. Si mawingu ya mvua, bali ni makundi ya nyota elfu kwa maelfu, yaliyo mbali kupita kiasi. Mwezi wa Februari mwaka 1987 nyota moja ilipasuka ndani ya wingu lile kubwa, ikaonekana kwa macho matupu, na wataalamu wakakimbilia nchi za kusini kuitazama. Atakaye kuyaona mawingu hayo aamke mwezi wa Oktoba saa 10 usiku, kabla mvua hazijaanza, atazame kusini.

Sasa mahali. Kwetu ziko safari mbili zilizo karibu. Ya kwanza ni ya ziwani: Mbamba Bay, au Liuli, au kijiji cho chote cha pwani. Ziwa liko karibu meta 475 juu ya bahari, na mbele ya macho hakuna mlima wala mti wa kuziba magharibi. Hapo ndipo pa kuitazama Zuhura jioni inapoambatana na jua, na mwezi mwandamo mwembamba. Lakini angalieni jambo moja. Wavuvi wa usipa hutoka na taa zao usiku usio na mwezi, maana samaki hukusanyika penye nuru. Basi mvuvi na mtazama nyota hutafuta usiku ule ule. Mmoja ili awashe taa, mwingine ili azikimbie. Kaeni mbali kidogo na bandari, wala msikae karibu na midomo ya mito, kwa ajili ya mamba.

Safari ya pili ni ya milimani, Umatengo. Huko Litembo na kwingineko, juu ya miteremko ya ngolo na mashamba ya kahawa, nchi huinuka, na vilele vingine hukaribia meta 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, na vumbi ni dogo. Mwezi wa Julai na Agosti, usiku ukiisha kuingia sana, ule ukanda mweupe uitwao Njia Nyeupe hupita juu ya utosi, na sehemu yake iliyo nene kuliko zote, ndiyo kitovu cha kundi letu la nyota, huwa karibu juu ya vichwa vyetu. Mtu wa London huuona mahali hapo chini kabisa kando ya upeo, tena katika ukungu wa taa. Lakini chukueni mablanketi, maana baridi ya Julai Umatengo haina huruma. Na mwezi wa Septemba moshi wa moto wa nyika huharibu hewa, afadhali kutangulia.

Kwa mwenye nauli iko na safari ya tatu, iliyo ndefu. Toka Songea hupita Njombe na Makambako, kisha hushika barabara kuu ya Mbeya. Njiani ataona njia ya kwenda Rujewa, wilaya ya Mbarali. Hapo tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi, wenyeji na wageni, walikusanyika kuliona jua likipatwa na mwezi hata likabaki pete ya moto, mchana, kwa muda wa dakika karibu tatu. Akiendelea mbele ya Mbeya atafika Mbozi, kwenye kimondo kilichojulikana kwa wataalamu mwaka 1930, alipokiandika mpima ardhi W. H. Nott. Ni pande la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi, na uzito wake ni wa tani nyingi. Mtu hutazama nyota miaka yote asiziguse. Huko Mbozi aweza kuweka kiganja chake juu ya kitu kilichotoka mbinguni.

Lakini, ndugu wasomaji, utajiri huu wetu si wa milele. Umeme unafika vijijini, nasi twaushukuru, maana mtoto asoma na mgonjwa atibiwa usiku. Walakini taa iliyoachwa wazi kuelekea juu haimsaidii mtu. Hupoteza nuru na kufuta nyota. Taa ikifunikwa juu, nuru huanguka chini panapotakiwa. Hili ni jambo la kifuniko cha bati tu.

Na iko hasara nyingine iliyo karibu zaidi. Wazee wetu waliijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililopewa jina kwa ajili ya kulima. Katikati ya Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia, wakati tungojapo mvua za kupandia. Vijana wengi leo wajua tarehe kwa simu, lakini wakiulizwa Kilimia i wapi, hunyamaza. Na majina ya nyota katika Kimatengo, Kinyasa na Kimpoto, nani ameyaandika? Mzee akifa, nayo yaenda naye.

Kwa hiyo twawaomba ninyi, akina baba na akina mama, na hasa waalimu. Chagueni juma moja la giza kila mwezi, mwezi mwandamo ukikaribia. Zimeni taa, mkae nje muda wa nusu saa, hata macho yazoee. Mwenye kurunzi aifunge kitambaa chekundu. Kisha watoto wachore Msalaba na Kilimia katika daftari zao, pamoja na saa na tarehe. Kesho yake kila mtoto amwendee babu au bibi akamwulize: “Nyota hii kwetu yaitwaje, na ilitumiwa kwa kazi gani?” Majibu yaandikwe vizuri, na jina la kijiji liwekwe, yatunzwe katika kabati la shule.