Risaga la Angani Lamfaidi Nani?

Kwa Abagusii wa Kisii na Nyamira, neno risaga halihitaji tafsiri. Majirani hukusanyika na majembe yao, wakalima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Nikiwa mwanaisimu, naona kwamba neno hili laweza kutufafanulia vyema jambo ambalo mashirika makubwa ya ndege yamekuwa yakilifanya tangu miaka ya tisini. Mashirika hayo nayo yana risaga lao. Swali ni hili: shamba linalolimwa ni la nani?

Hapana shirika linaloweza kutua katika kila mji wa dunia. Haki za kutua hutolewa kwa mapatano baina ya serikali, na sheria za mataifa mengi huzuia wageni kuyamiliki mashirika yao. Kwa hivyo, badala ya kununuana, mashirika yaliamua kuungana. Star Alliance iliundwa mwaka 1997, oneworld ikafuata mwaka 1999, na SkyTeam mwaka 2000. Kenya Airways, ambayo KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya hisa zake mwaka 1996, ilijiunga na SkyTeam kama mshirika mwaka 2007, na ikawa mwanachama kamili mwaka 2010. Ethiopian Airlines nayo ilichagua Star Alliance mwaka 2011.

Msomaji wa Keroka asidhani kwamba habari hizi ziko mbali naye. Jimbo la Minnesota nchini Marekani, hasa vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park, ni makao ya Abagusii wengi. Shirika la Northwest, lililokuwa na makao yake makuu katika jimbo hilo, lilipata idhini ya serikali ya Marekani mwaka 1993 kuendesha safari pamoja na KLM kana kwamba ni shirika moja. Baadaye Northwest ilimezwa na Delta, ambayo pia imo katika SkyTeam. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kutoka Minneapolis hadi Nairobi kupitia Amsterdam kwa tiketi moja, ijapokuwa ndege ni za mashirika tofauti.

Ushirikiano huo hufanyika vipi? Shirika moja huuza viti vya ndege ya mwenzake kwa nambari yake lenyewe. Mizigo hutiwa lebo ya mwisho wa safari. Aidha, msafiri mwenye tiketi moja akichelewa kuunganisha safari kwa sababu ndege ya kwanza imekawia, mashirika hayo ndiyo yenye jukumu la kumtafutia ndege nyingine.

Wasafiri wa mara kwa mara wana faida zaidi. Tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake mwaka 1981, mashirika yamekuwa yakiwapa wateja alama kwa safari zao. Ndani ya muungano, alama za safari ya Delta au KLM zaweza kuwekwa katika akaunti moja, zikalipia tiketi ya baadaye. Anayefikia daraja la juu la SkyTeam hukaribishwa katika kumbi za mapumziko, huongezewa mzigo, na hahitaji kupanga foleni ndefu.

Lakini ni nani hasa anayelifikia daraja hilo? Si mwalimu wa Nyamira anayekopa katika chama cha ushirika ili amsafirishe mwanawe masomoni mara moja tu. Alama huisha muda, na siku hizi mipango mingi huzihesabu kwa fedha zilizotumika, si kwa umbali. Anayenufaika ni yule ambaye tiketi yake hulipiwa na ofisi. Afisa wa umma akiruka kwa kodi ya mkulima wa chai, kisha alama zikabaki kwa jina lake, mkulima ametoa jembe na mwingine amevuna. Naamini kwamba kila wizara, kaunti na chuo kikuu chapasa kuwa na kanuni: alama za safari ya umma zilipie safari ya umma.

Na asiyesafiri sana afanye nini? Kwanza, anunue tiketi moja ya safari nzima. Wakala akimuuzia tiketi mbili zilizotengana kwa kuwa ni rahisi, aelewe kwamba ndege ya kwanza ikichelewa huenda akalazimika kununua upya ile ya pili. Rahisi ghali. Pili, ajiandikishe katika mpango mmoja wa alama kabla ya kusafiri, kwani kujiandikisha ni bure, na asizitawanye alama chache alizo nazo katika mipango mingi.

Masharti haya yote huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, tena kwa herufi ndogo, na ndipo mwanafunzi wetu hupotelea. Walimu wenzangu, tunafundisha ufahamu kwa hadithi na magazeti. Tufundishe pia kusoma tiketi na mkataba. Katika risaga, kila jirani anajua zamu yake ni lini. Katika risaga la angani, asiyesoma masharti hulima tu, asijue kama zamu yake itafika.