Historia ya Eastlands imebaki mdomoni mwa makanga

"Allsopps! Wa Allsopps wajitayarishe!" Makanga hupaza sauti hivyo kutwa kucha pale Outer Ring inapokutana na Barabara ya Thika, Nairobi. Abiria wa Lucky Summer na Baba Dogo hushuka wakaenda zao, wala hakuna anayeuliza Allsopps alikuwa nani. Ilikuwa kampuni ya bia. Steji bado inaitwa kwa jina lake. Fuata Outer Ring kuelekea Embakasi, safari ya kilomita 13 hivi, na huko nako ni yale yale. Jumba la Taj Mall lilibomolewa Septemba 2018, lakini hadi leo mtu akielekezwa njia anaambiwa ashukie Taj.

Mjini mambo ni tofauti. Kenyatta Avenue ina sanamu ya askari na mpagazi iliyosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye barabara iyo hiyo, kona ya Koinange, upo mnara wa mwaka 1939 wa Lionel Galton-Fenzi, aliyekuwa wa kwanza kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwaka 1926. Dedan Kimathi alipata sanamu yake mwaka 2007, Tom Mboya mwaka 2011. Mkaazi wa Lucky Summer akitaka kusoma historia ya jiji lake imeandikwa kwenye jiwe, hana budi kulipa nauli.

Si kwamba huku hakukutokea kitu. Ruaraka, hatua chache kutoka Allsopps, ndiko ndugu wawili wa ukoo wa Hurst na wenzao walikoanza kupika bia mwaka 1922. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu, na bia ya Tusker ikapewa jina hilo kwa ajili ya mkasa huo. Kisa hicho kinajulikana kote nchini kwa kuwa kina mwenyewe: kampuni haichoki kukitangaza. Wafanyakazi waliobeba kreti na kupanga vyumba vya mabati mitaa ya jirani hawana wa kuwatangaza.

Mto nao una yake. Ng'ambo ya Korogocho, majirani wa Lucky Summer, kuna jaa la taka la Dandora, lililofunguliwa miaka ya sabini ukingoni mwa Mto Nairobi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo: nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Wale watoto sasa ni watu wazima, na wengine wana watoto wao.

Lakini hakuna mahali panapodai alama kama Sinai, huko Mukuru, upande wa pili wa Outer Ring. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linapita hapo, na mtaa mzima wa jirani unaitwa Pipeline kwa sababu yake. Asubuhi ya Jumatatu, Septemba 12, 2011, petroli ilivuja ikaingia mtaroni na kuteremka hadi mto wa hapo. Watu walitoka na ndoo, madebe na mitungi wakachota. Moto ulipolipuka, walioungua walijitupa majini, na maji yenyewe yalikuwa yamebeba mafuta. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Waliouawa na bomu la Agosti 7, 1998 mjini wana bustani yao na ukuta wenye majina yao. Wa Sinai nao walikuwa na majina, na wanastahili ukuta.

Kwingineko kingetosha kibao cha chuma chenye mistari minne ya Kiswahili, nacho hakihitaji bajeti ya barabara. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu eneo lenye historia kutangazwa na kulindwa. Kwa hiyo wawakilishi wadi wa Lucky Summer, Korogocho na Mukuru wana pa kuanzia. Kibao kisimamishwe stejini, watu wanapongoja matatu, si ndani ya ua lenye askari mlangoni.

Nawe msomaji usingoje kaunti. Mtafute mzee aliyehamia mtaani kwenu kabla ya lami, umuulize nani alikuwa na shamba hapo, mto ulifika wapi ulipofurika, steji ilipewa jina na nani. Yaandike, utie tarehe. Siku fundi wa kibao atakapokuja, akute maneno tayari.