Saa Janja Ikizimika, Aanze Kujibu Aliyeiuza

Saa janja siku hizi haikosekani katika maduka ya simu ya Meru na Embu. Wanaozinunua ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, walimu, wanabodaboda, na bila shaka wakimbiaji, maana Kigari, kwenye miteremko ya Mlima Kenya karibu na mji wa Embu, ndiko timu ya taifa ya mbio za nyika ilikopiga kambi kwa miaka mingi. Kasoro za saa hizi nazo zinajulikana. Betri huvimba ikakiinua kioo, ukungu huingia ndani baada ya mvua, chaji haimalizi nusu siku. Mwenye saa hurudi dukani na kadi yake ya waranti ya mwaka mmoja, na hapo mabishano huanza. Ataambiwa saa imeingia maji, na maji hayamo kwenye waranti. Au ataambiwa aipeleke Nairobi, barabara ya Luthuli, kwa aliyemuuzia mwenye duka. Au ataonyeshwa maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Majibu haya matatu yana kosa moja: yote huichukulia kadi ya waranti kuwa ndiyo haki yote aliyo nayo mnunuzi. Kadi ni ahadi ya ziada ya kampuni. Haki yenyewe imo katika sheria, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye duka aliyepokea pesa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidi anachonunua, na haki ya kulipwa fidia kasoro ya bidhaa inapomletea hasara. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ikaliweka jambo hilo katika lugha ya biashara: kifungu chake cha 5 humhesabu kila muuzaji kuwa ametoa hakikisho kwamba bidhaa ina ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakutamka neno lolote kaunta. Sharti linalojaribu kuliondoa hakikisho hilo halina nguvu. Kabla yake ilikuwapo, na bado ipo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya enzi za ukoloni, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, nayo humtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kazi yake. Katika sheria zote mbili mkataba ni kati ya mnunuzi na duka. Kiwanda kilichoko China hakikuuziana chochote na mwalimu wa Runyenjes. Kwa hiyo ile chapa ya risiti ina nguvu dhidi ya mtu aliyebadilisha nia tu, aliyefika nyumbani akaona rangi haimpendezi. Dhidi ya aliyeuziwa saa mbovu, ni wino tu.

Suala la maji ndilo gumu zaidi, na ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa pande zote mbili huwa na sehemu ya ukweli. Alama IP68 hueleza kwamba kifaa kilipimwa dhidi ya vumbi na dhidi ya kuzamishwa majini kwa kina na muda ambao kampuni yenyewe ilitaja. Alama 5ATM huhusu shinikizo linalolingana na la maji yaliyotulia ya kina cha mita 50, jambo ambalo si sawa na kibali cha kupiga mbizi mita 50. Vipimo hivyo hufanywa maabara, kwa saa mpya. Sabuni, jasho, maji ya moto na miezi ya kuvaliwa huchosha mpira na gundi vinavyoziba mwili wa saa, na kampuni kubwa zenyewe hukiri kwamba uwezo wa kuzuia maji hupungua kadiri muda unavyopita. Muuzaji anayemwambia mteja asioge na saa kwa maji ya moto hasemi uongo. Ila ni lazima ayaseme hayo kabla ya kupokea pesa. Tangazo likionyesha mtu akiogelea na saa mkononi, kisha kadi iliyomo ndani ya boksi ikasema madhara ya maji hayahusiki, moja kati ya tangazo na kadi linapotosha.

Mamlaka za nchi nyingine zimeliona hilo. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 kwa jinsi ilivyotangaza uwezo wa simu zake kustahimili maji huku waranti ikikataa kugharamia madhara ya maji. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliiamuru Samsung ilipe dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo ya aina hiyo hiyo ya simu za Galaxy. Kesi hizo zilihusu simu, lakini hoja yake inaikaa saa sawasawa. Hapa Kenya sheria ya 2012 huhesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kudai kwamba bidhaa ina uwezo isio nao, na Sheria ya Ushindani ya 2010 hukataza kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti na haki zake. Tukiyaweka haya pamoja, ile stika ya ndani ya saa inayogeuka nyekundu ikiguswa na maji haimalizi ubishi kama wauzaji wengi wanavyodhani. Ikiwa saa iliuzwa kwa sifa ya kuzuia maji, haina ufa wala dalili ya kugongwa, na haijamaliza miezi mitatu, maji yaliyomo ndani yake ni ushahidi kwamba haikuwa na sifa ambayo iliuzwa kwayo. Sababu inayotolewa ya kumkatalia mteja ndiyo inayothibitisha malalamiko yake.

Wauzaji nao wana hoja zao. Ya kwanza ni kwamba duka dogo la Makutano halikuitengeneza saa, na faida yake kwa kila moja ni ndogo. Ni kweli, na inauma. Hata hivyo mwenye duka ndiye aliyemchagua msambazaji, ndiye anayejua jina lake na kuwa na risiti yake, na anaweza kumdai kwa sheria ile ile ambayo yeye anadaiwa kwayo. Mnunuzi hana njia hiyo. Mwenye duka akinunua shehena isiyo na msambazaji anayejulikana kwa sababu ni rahisi, hiyo ni bahati nasibu aliyoicheza mwenyewe, na hasara yake haipaswi kuhamia kwa mteja. Kwa mantiki hiyo hiyo, saa ikilazimika kwenda Nairobi kukaguliwa, haki ni muuzaji aitume kwa matatu na kulipia mzigo.

Hoja ya pili ni kwamba wateja hudanganya: huangusha saa, huoga nayo, kisha hudai ilikuja hivyo. Wapo wa namna hiyo, na sheria haiwalindi. Uingereza ilitatua tatizo hilo kwa sheria yake ya 2015, ambapo kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Sheria ya Kenya haina kipindi kama hicho, kwa hiyo mlalamikaji ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Lakini kutokuaminiana nako kusivuke mpaka, maana kasoro za kiwandani zimezikumba hata kampuni tajiri. Machi 2022 Fitbit iliziita zirudishwe saa zake za Ionic, takriban milioni 1.7 duniani kote, baada ya betri kupata joto kali na kuunguza watu. Mwaka 2019 Apple ilikubali kubadilisha bila malipo vioo vya baadhi ya saa zake za Series 2 na 3 vilivyokuwa vikipata nyufa. Jibu la haraka la “umeiharibu mwenyewe” si ukaguzi.

Kwa kuwa ushahidi ni mzigo wa mnunuzi, autunze. Risiti iandikwe nambari iliyo mgongoni mwa saa, vinginevyo muuzaji anaweza kusema hiyo si saa aliyouza. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe. Malalamiko yatumwe kwa maandishi siku kasoro inapoonekana, maana anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kusema huhesabiwa kuwa ameipokea, na haki ya kuirudisha hupotea hata kama ya kudai fidia inabaki. Na saa isifunguliwe na fundi kabla ya muuzaji kuiona. Fundi wa kando ya barabara anaweza kuwa stadi kuliko aliyeko kwenye kituo cha kampuni, lakini akishang’oa kioo, hakuna tena awezaye kusema maji yaliingia lini.

Watasema saa ya shilingi elfu tatu haistahili kesi. Kwa saa ya bei hiyo mara nyingi ni kweli, na mtu mwenye busara atakubali kubadilishiwa au kurudishiwa nusu ya pesa. Lakini saa ya mkimbiaji yenye GPS huweza kuzidi mara kumi ya bei hiyo. Kwa dai kama hilo, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 huruhusu mtu kudai hadi shilingi milioni moja, aende mwenyewe bila wakili, bila kubanwa na kanuni kali za ushahidi, na shauri likamilike ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, mpelekee muuzaji barua fupi inayotaja kifungu cha 5 cha sheria ya 2012, mpe siku 14 za kujibu, na ubaki na nakala.