Je, Wajua? Popo Hujipiga Picha Mwenyewe

Picha ya popo akimnasa nondo gizani mara nyingi haipigwi kwa kidole cha mtu. Mpiga picha hutega mwale usioonekana njiani, na popo akiukata, kamera inafyatuka. Taa humulika kwa muda mfupi mno, hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kidole kingechelewa.

Popo mla wadudu hutoa milio tusiyoisikia na kufuata mwangwi wake. Akikaribia windo, milio huongezeka hadi karibu 200 kwa sekunde! Wengi humzoa mdudu kwa bawa au utando wa mkia. Nondo wengine nao si wajinga: wana masikio, na wakimsikia adui hujiangusha ghafla. (Wale popo wakubwa wanaotumalizia mapera na maembe hawawindi.)

Kenya ina zaidi ya aina 100 za popo. Mkazi wa mjini hahitaji kwenda mbugani kuwatafuta. Atazame taa za barabarani wadudu wanapoanza kuzizunguka. Ukimkuta popo ameanguka, usimshike kwa mkono mtupu, na akikuuma nenda hospitali mara moja.