Je, Wajua? Prosesa Inayopunguza Mwendo Haiumwi

Prosesa ni kipande cha silikoni kinachofanya mahesabu ya kompyuta, nayo huongozwa na saa isiyoonyesha wakati wowote, kwani kazi yake ni kutoa midundo ya umeme ambayo transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, huifuata zinapowaka na kuzimika. Idadi ya midundo hiyo katika sekunde moja huitwa kasi ya saa, na hupimwa kwa hezi: megahezi moja ni midundo milioni moja, na gigahezi moja ni midundo bilioni moja. Intel Core i5-6500, prosesa ya kompyuta za mezani iliyotoka mwaka 2015, hutajwa kuwa ya gigahezi 3.2 na huweza kupanda hadi 3.6, lakini anayeitazama wakati kompyuta imewashwa bila kupewa kazi huweza kukuta inasomeka 0.8, ambayo ni robo tu ya kasi iliyotangazwa.

Mtu aliyezoea tabia ya umeme wa gridi, awe Mtunda katika Wilaya ya Kibiti au kwingineko nchini, ana sababu ya kutilia shaka namba inayoshuka namna hiyo. Katika Mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa Februari 2024, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na yote hulazimika kutoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, sambamba na gridi. Watu wakizima taa na mashine zao, maji yanayopita katika mitambo hupunguzwa ili mizunguko ibaki ileile. Mizunguko ikishuka, hiyo ni dalili kwamba mahitaji yameuzidi umeme unaozalishwa. Prosesa haifungwi na sharti hilo, kwa kuwa ndani ya kompyuta ina saa yake inayoweza kubadilishwa mara nyingi katika sekunde moja, na hata ikiwa katika megahezi 800 bado hupiga midundo milioni 16 katika muda ambao umeme wa gridi unakamilisha mzunguko mmoja.

Mabadiliko hayo hufanywa kwa hesabu ya kuzidisha. Fuwele ndogo inayotetemeka huwezesha kupatikana mdundo wa msingi wa megahezi 100, kisha mitambo ya ndani ya prosesa huuzidisha kwa namba inayoitwa kizidishi: kizidishi 8 huleta megahezi 800, 32 huleta gigahezi 3.2, na 36 huleta 3.6. Uamuzi wa kizidishi kipi kitumike hutolewa na mfumo endeshi, au na prosesa yenyewe, kwa kuangalia wingi wa kazi iliyopo.

Faida kubwa ya kushusha kasi hutokana na volteji, yaani msukumo wa umeme, kwa sababu midundo inapopungua transista hupata muda wa kutosha kugeuka hata kwa msukumo mdogo. Nguvu inayotumika katika kugeuka huko huenda sambamba na kasi ya saa na pia na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo, ikichukuliwa kwamba kasi imeshuka hadi robo na volteji imetoka 1.2 hadi 0.7, nguvu hiyo huwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Joto hupungua kwa kadiri hiyohiyo na feni hutulia, jambo lenye uzito katika ukanda wa pwani wenye hewa ya moto, na lenye uzito zaidi pale kompyuta inapotegemea betri za umeme wa jua.

Utaratibu huu ulianza kwa kuihurumia betri. Mwaka 2000 kampuni ya Intel ilileta SpeedStep kwa kompyuta za kubebeka, na kampuni ya AMD ikaupeleka kwenye kompyuta za mezani kwa jina la Cool'n'Quiet katika prosesa za Athlon 64, zilizoanza kuuzwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata Intel iliachana na mpango wa kutoa prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 4, wakati ambapo joto lilikuwa limekwisha kuwa kizuizi kikubwa cha kuongeza kasi.

Hata hivyo, kushuka kwa kasi ni nusu tu ya maelezo, kwa maana kiini cha prosesa, ambacho ni sehemu inayoweza kufanya kazi peke yake, huweza pia kulala. Katika usingizi mwepesi saa yake husimamishwa, na katika usingizi mzito umeme wake hukatwa baada ya hali yake kuhifadhiwa, kisha huamka ndani ya sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde. Ndiyo maana prosesa nyingi za sasa hufanya kama mtwangaji wa mpunga anayemaliza kinu kwa mapigo ya haraka ili apumzike muda mrefu: hupanda hadi kasi ya juu, humaliza kazi ndogo na kulala tena. Programu ya kupima nayo ni kazi inayokiamsha kiini, hivyo huweza kuonyesha gigahezi 4 kwenye prosesa iliyolala karibu muda wote, na namba hiyo ikatafsiriwa kimakosa kuwa umeme unapotea.

Kasi isiyoshuka kabisa mara nyingi hutokana na mpangilio wa nguvu uliowekwa upande wa utendaji wa juu, na kuurudisha kwenye mpangilio wa wastani hutosha. Kinachostahili kuchunguzwa ni kinyume chake, yaani prosesa inayobaki chini hata inapopewa kazi nzito, kwa kuwa vumbi lililoziba feni au gundi ya kupitisha joto iliyokauka huifanya ijilinde isiungue. Afya ya prosesa, basi, ipimwe ikiwa kazini na joto lake likisomwa pamoja na kasi, kwa sababu namba ndogo inayoonekana wakati wa utulivu ni uthibitisho kwamba mashine inajua kutumia umeme kwa kadiri ya haja.