Jekyll Hakuwa Malaika

Mchana, William Brodie alikuwa mtu wa kuheshimika mjini Edinburgh, Uskoti: fundi wa samani za fahari, mkuu wa chama cha mafundi wenzake, tena diwani. Matajiri walimwita majumbani awatengenezee makabati na vitasa. Usiku alirudi na funguo bandia, zilizochongwa kwa kufuata alama za nta, akawaibia wateja wale wale ili apate fedha za kamari. Alinyongwa hadharani mwaka 1788.

Kabati moja alilolitengeneza liliishia nyumbani kwa kina Stevenson, alikokulia mwandishi Robert Louis, ambaye wasomaji wa Kiswahili wa zamani walimjua kwa Kisiwa Chenye Hazina. Kisa cha Brodie kilimganda. Yeye na rafiki yake W. E. Henley walikitungia tamthilia, nayo haikuvuma. Kisha mwaka 1885, akiwa mgonjwa katika mji wa Bournemouth, Uingereza, aliota ndoto ya kutisha, na Januari 1886 ikatoka riwaya fupi ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde. Katika miezi sita ziliuzwa nakala zipatazo 40,000.

Kisa chenyewe kila mtu anadhani anakijua: daktari mwema anakunywa dawa, anageuka muovu aitwaye Hyde. Lakini Jekyll wa kitabuni si mwema kiasi hicho. Hata kabla ya dawa ana anasa zake za siri, na kinachomsumbua zaidi ni heshima yake mbele za watu. Anataka kustarehe bila jina lake kuchafuka, na Hyde anampa nafasi hiyo. Tena dawa haigawi sawa. Hyde anatoka akiwa uovu mtupu, ilhali Jekyll anabaki vile vile, mchanganyiko wa mema na mabaya. Wema mtupu haupati mwili wake popote. Ujanja wa Stevenson uko hapo, na filamu nyingi zimeupita bila kuuona.

Mwanzoni Hyde ni kijitu kidogo, nguo za Jekyll zinampwaya, kwa kuwa upande huo wa daktari ulikuwa haujapewa nafasi ya kukua. Kadiri anavyoachiwa, ndivyo anavyokua. Nyumba nayo inasema: mbele ina mlango wa kitajiri, nyuma ina mwingine uliobabuka rangi, usio na kengele. Hyde hupitia huo wa nyuma, na ufunguo anao.

Agosti 1888 mwigizaji Richard Mansfield alileta kisa hicho katika ukumbi wa Lyceum, London, akijigeuza Hyde mbele ya macho ya watazamaji. Kabla mwezi haujaisha, mauaji ya wanawake yalianza kuitia hofu Whitechapel, mtaa wa maskini mashariki mwa jiji. Magazeti yakamtaja Hyde. Wapo walioshuku kwamba muuaji ni muungwana, huenda hata daktari. Mtu mmoja aliwaandikia polisi akimshuku Mansfield mwenyewe: anayeweza kujigeuza hivyo jukwaani, alidhani, angeshindwa nini mitaani?