Tunda la Edeni: Tuache Kunyoosheana Vidole

Na Mwandishi Wetu

MAZIWA yamemwagika jikoni na sufuria iko sakafuni. Mama anaingia na kuuliza kulikoni. Kaka anamnyooshea dada kidole. Dada anamsingizia paka. Mdogo wao haonekani. Amejificha nyuma ya kochi.

Mzazi yeyote anakijua kioja hiki. Kwa Wakristo, hata hivyo, kioja chenyewe ni cha kale mno. Kimo katika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo, pale panaposimuliwa jinsi mwanadamu alivyoanguka na kufukuzwa peponi.

Wengi wetu tulikisikia kisa hiki tukiwa watoto katika shule ya Jumapili. Mungu aliwaweka Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni, akawaruhusu kula matunda ya kila mti isipokuwa mmoja tu, mti wa ujuzi wa mema na mabaya. Nyoka alimshawishi mwanamke, naye akala, akampa mumewe, akala pia. Macho yao yakafumbuka, wakajiona wako uchi, wakashona majani ya mtini wajisitiri. Waliposikia Mungu akitembea bustanini jioni, walijificha.

Hebu sasa tutazame yaliyofuata. Adamu alipoulizwa, alimtaja mkewe. Tena hakukomea hapo, bali alimkumbusha Mungu kwamba ni Yeye aliyempa mke huyo! Mwanamke naye akamtaja nyoka. Hakuna aliyesema, 'Nimekosa.'

Yasiyomo katika kisa

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tuondoe mambo kadha ambayo watu huyadhania tu. Kwanza, Biblia haisemi kwamba tunda lile lilikuwa tufaha. Dhana hiyo ilienea huko Ulaya, ambako wachoraji walipenda kuchora tufaha. Yamkini lugha ya Kilatini ilichangia, kwa kuwa neno lake la tufaha na lile la uovu huandikwa kwa namna moja.

Pili, kuna wanaonong'ona kuwa tunda ni fumbo la mapenzi ya mume na mke. La hasha. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaonyesha Mungu akiwabariki mume na mke wazae na kuongezeka, kabla nyoka hajatajwa. Mafundisho ya makanisa ni kwamba kosa lilikuwa kutoamini neno la Mungu, na kutaka kuwa sawa na Yeye.

Tatu, na hili huwashangaza wengi, neno dhambi halimo katika sura hiyo ya tatu. Linajitokeza mara ya kwanza katika sura ya nne, Kaini anapomwonea wivu ndugu yake Abeli, muda mfupi kabla ya kumwua. Waliomkimbia Mungu katika sura moja wanauana katika sura inayofuata, na wanaouana ni watu wa nyumba moja.

Mzigo wa Hawa

Kwa karne nyingi lawama zilimwangukia mwanamke. Tertullian, mwandishi Mkristo aliyeishi Carthage, Tunisia ya leo, aliwaandikia wanawake miaka ipatayo 1,800 iliyopita kwamba wao ndio waliomfungulia shetani mlango. Hata leo, katika ugomvi wa nyumbani, si ajabu kusikia mume akisema kuwa wanawake ndio walioleta taabu duniani.

Ni kweli kwamba waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema aliyedanganywa ni Hawa. Lakini mtume Paulo, anapowaandikia Warumi katika sura ya tano, anaiweka dhambi hiyo mlangoni pa Adamu. Fauka ya hayo, Mwanzo yenyewe yasema mume alikuwa pamoja na mkewe alipopewa tunda. Hatuambiwi kwamba alimkataza.

Lipo jambo zito zaidi. Katika adhabu zilizotangazwa bustanini, mwanamke aliambiwa kwamba mumewe atamtawala. Wapo waume wanaolichukua neno hilo kama kibali cha kuinua mkono dhidi ya wake zao. Wanateolojia wengi hulisoma vingine. Wanasema hiyo si amri, bali ni picha ya jinsi maisha yalivyoharibika baada ya anguko.

Tafakari, msomaji. Sura hiyo hiyo inasema ardhi itaota miiba na michongoma, lakini hakuna mkulima anayeacha magugu shambani ati kwa sababu yametajwa katika Biblia. Inasema mwanamke atazaa kwa uchungu, lakini tunampeleka hospitalini asaidiwe. Ikiwa tunapambana na miiba na uchungu, mbona tuutunze ubabe kana kwamba ni sheria ya Mungu?

Je, mtoto mchanga ana hatia?

Swali jingine linalozigusa familia ni hili: Adamu alikula, sisi tunahusikaje? Aliyelijibu kwa sauti kuu alikuwa Mwafrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo Algeria leo, akawa askofu wa Hippo. Alifundisha kuwa binadamu wote walikuwa ndani ya Adamu, hivyo huzaliwa na dhambi ya asili. Mtawa Pelagius alimpinga, akisema kila mtu huzaliwa akiwa huru kuchagua mema. Maaskofu wa Afrika ya Kaskazini waliokutana Carthage mwaka 418 waliyakataa mafundisho ya Pelagius.

Hata hivyo makanisa hayakubaliani kwa kila jambo. Waothodoksi, walio na seminari mtaani Riruta, Nairobi, hufundisha kwamba tulichorithi ni kifo na udhaifu, si hatia ya Adamu. Kanisa Katoliki, katika Katekisimu yake ya mwaka 1992, linaeleza kuwa dhambi ya asili ni hali tunayozaliwa nayo, si kosa ambalo mtoto amelitenda. Wakatoliki na Waanglikana hubatiza watoto wachanga. Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste wengi humsubiri mtoto hadi aweze kuamua mwenyewe.

Majirani zetu Waislamu nao wanamjua Adamu. Kwa mujibu wa Kurani, yeye na mkewe waliteleza wote wawili, wakatubu, wakasamehewa, na hakuna mtoto anayebeba kosa lao. Hata lugha yetu inamkumbuka babu huyo, kwani neno 'binadamu' latokana na Kiarabu na maana yake ni mwana wa Adamu.

Kinyonga na habari njema

Wazee wetu hawakungoja wamishenari ili wajiulize kwa nini watu hufa. Wakamba na Wakikuyu husimulia jinsi kinyonga alivyotumwa na Mungu alete habari za uzima, akachelewa na kugugumia, hata ndege akamtangulia na habari ya kifo. Profesa John Mbiti, padri Mwanglikana kutoka Ukambani aliyefariki mwaka 2019, alikusanya visa vingi vya aina hii barani Afrika. Aliona kuwa vinaeleza jinsi Mungu na watu walivyotengana, lakini havielezi jinsi watakavyopatana tena.

Hapo ndipo Ukristo unapodai kuwa na neno lake. Paulo anamwita Yesu Adamu wa mwisho. Wa kwanza alikataa kutii bustanini. Wa pili alitii katika bustani ya Gethsemane, ingawa utiifu huo ulimpeleka msalabani. Kwa Mkristo, kisa cha Edeni kisipofika Pasaka ni kisa kilichokatizwa katikati.

Na hata ndani ya Edeni, rehema ilianza mapema. Kabla ya kuwatoa nje, Mungu aliwatengenezea Adamu na Hawa mavazi ya ngozi, akawavika. Alipomwuliza Adamu yuko wapi, si kwamba hakujua. Alikuwa akimpa nafasi ajitokeze mwenyewe.

Turudi basi jikoni, ambako maziwa bado yako sakafuni. Mama anajua vyema ni nani aliyeigusa sufuria. Anauliza ili yule aliye nyuma ya kochi atoke, aseme ni yeye, apewe kitambaa na kuonyeshwa pa kupangusa. Na baba, akiwa ndiye aliyeiacha sufuria ukingoni mwa meza, angefanya vyema kutangulia kusema, 'Nimekosa.' Watoto hujifunza neno hilo kwa kulisikia likitoka vinywani mwa wakubwa.